Ndege wa Theresia

Ratiba ya wiki ile niliichapa mwenyewe, kwa mashine yangu mwenyewe, nakala tatu, na haikuwa na kosa hata moja la herufi. Nalisema hilo mapema kwa sababu kosa lililokuwamo lilikuwa kubwa kuliko herufi, na lilikuwa langu.

Ilikuwa Mei 1996. Mbunge wetu, Mheshimiwa Paskalina, alikuwa na miezi michache tu kazini, na kikao cha bajeti Bungeni kilikuwa kinakaribia. Alitaka wiki nzima ya kuzunguka jimboni kabla hajaondoka. Yeye alikuwa mtoto wa miwa. Baba yake alitoka Mbeya, mama yake Songea, wakakutana kwenye kukata miwa huko kaskazini mwa bonde, naye akazaliwa na kukulia kwenye layini za wafanyakazi. Miwa aliijua kama ninavyoijua mashine yangu. Mpunga aliujua ukishakuwa wali sahanini.

Ndiyo maana aliposhinda alitafuta katibu mzaliwa wa mpungani, na watu wakamtajia jina langu. Wendelin, Mndamba, karani mstaafu wa mahakama, mkazi wa Lipangalala, mjini. Kazi yangu hasa ilikuwa moja: kumweleza mama huyu watu wa bondeni wanaishije. Kuchapa barua ilikuwa nyongeza, ingawa mimi nilidhani ni kinyume chake.

Jumatatu tulikaa ofisini Kibaoni, chumba kimoja nyuma ya fundi cherehani. Watu walipanga foleni hadi barabarani. Mzee mmoja alitaka mbunge amwamuru mkwewe arudishe baiskeli. Mama mmoja alileta kuku, akasema hana shida yoyote, amekuja kumtazama tu mwanamke mwenzake aliyeingia Bungeni. Mheshimiwa alimsikiliza kila mtu hadi mwisho wa maneno yake, jambo ambalo lilinikera, kwa sababu ratiba yangu ilimpa kila mmoja dakika tano.

Jioni akafungua makabrasha ya kikao cha Ijumaa. Mbunge ni mjumbe wa vikao vya halmashauri, na alikuwa na tabia ya kusoma makabrasha yote, hata viambatisho. Akafika ukurasa wa tisa, akaacha kunywa chai.

"Mzee Wendelin, Lumbanga iko wapi?"

"Mbele ya Mchombe, Mheshimiwa, unaacha barabara ya Mlimba unaingia kushoto."

"Wanataka kuifunga zahanati yake. Nesi ahamishwe, kasha la dawa la kila mwezi lipelekwe kwingine. Wanasema haina wagonjwa." Akanisogezea karatasi. "Soma hapo. Septemba, wagonjwa mia mbili themanini na sita. Aprili, kumi na mmoja. Hao wengine wamekwenda wapi?"

"Labda walipona," nikasema.

"Masika? Na mbu hawa?"

Karani wa mahakama hakosi la kusema. Nikamwambia watu wa vijijini siku hizi ni wavivu, mvua ikinyesha hawatoki nje. Mungu anisamehe, nilisema hivyo juu ya watu wa mama yangu. Yeye akatikisa kichwa, akaniagiza niweke mkutano wa hadhara Lumbanga Jumatano, saa nne asubuhi, ili wananchi wenyewe waseme kama wanaitaka zahanati au hawaitaki. Nikaichapa ratiba upya, nikaandika barua ya taarifa kwa mtendaji wa kijiji, nikaipeleka kwa lori la alfajiri.

Jumanne ilikuwa ya miwa, na ilikwenda vizuri kupita kiasi. Wakata miwa wa Kisukuma walimwimbia, Waislamu na Wakristo wakamwombea dua kwa zamu, na yeye akawauliza habari za watoto wao kwa majina. Wao waliomba shule ya awali, naye akaiandika. Nilikaa nyuma nikiwa nimefurahi na ratiba yangu kama mama aliyepika chungu kikatosha watu wote.

Jumatano tulifika Lumbanga saa nne kasorobo. Uwanja wa shule ulikuwa mtupu. Saa nne ulikuwa mtupu. Saa nne na nusu alipita bata na vifaranga wake saba, wakatuzunguka, wakaenda zao. Nyumba zote zilikuwa zimefungwa kwa kamba za miyaa. Mlango wa ofisi ya kijiji ulikuwa umeegeshwa tu, na juu ya meza, chini ya jiwe, nilikuta barua yangu haijafunguliwa. Chini yake kulikuwa na barua nyingine yenye mhuri wa serikali, nayo haijafunguliwa. Ilikuwa ya nesi, na juu ya bahasha iliandikwa UHAMISHO.

Mheshimiwa alisimama katikati ya uwanja, kitenge chake kipya kimelowa umande hadi magotini. Sijawahi kumwona amekasirika hivyo.

"Wamenisusia," akasema. "Hapa nilipata kura arobaini na mbili. Nilijua hawanipendi, lakini hata kuja kunizomea hawataki? Basi. Kama hawaitaki zahanati yao, mimi nani niipiganie? Tuondoke."

Nikafungua mlango wa Land Rover nimshike mkono apande. Hapo ndipo niliposikia. Mbali sana, upande wa mtoni, debe lilikuwa linapigwa. Kimya kidogo, halafu debe jingine likajibu, halafu sauti ya mwanamke, kali, ndefu, haina maneno.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ulikuwa mwezi wa ndege. Mpunga ulikuwa unaiva, na mpunga ukiiva hakuna Mndamba anayelala kijijini. Tangu Januari watu hufunga nyumba zao, wakahamia mashambani ng'ambo ya maji, wakaishi kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya miti, mpaka mavuno. Mwezi Mei hawawezi kushuka hata kwenda msibani bila kupata wa kuwashikia zamu, kwa maana kwelea wakitua kwa saa moja tu, kazi ya miezi sita imekwisha. Na mimi nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Nilipokuwa na miaka mitano mama yangu alikuwa ananipandisha dunguni kabla jua halijatoka, na nilikuwa napiga kelele za kufukuza ndege mpaka sauti inakauka. Niliichukia kazi ile. Nilisoma kwa bidii nisije nikawinga ndege tena, nikafanikiwa hata kusahau kwamba ndege wapo.

"Mheshimiwa," nikasema, "hawajakususia. Ni mimi."

Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, kama alivyomsikiliza mzee wa baiskeli.

"Mzee Wendelin," akasema taratibu, "wewe ni mtu wa wapi?"

Akavua viatu, akavishika mkononi. "Haya. Nionyeshe njia."

Njia ilipita mbele ya zahanati. Nayo ilikuwa imefungwa, na mlangoni mtu alikuwa ameandika kwa chaki, herufi nzuri za shule: NIPO MASHAMBANI. Mheshimiwa aliusoma mlango ule mara mbili.

Tulipata mvuvi aliyetuvusha kwa mtumbwi kati ya mpunga na matete, maji yakiwa yameanza kupungua. Kadiri tulivyosogea kelele ziliongezeka, madebe, makombeo, watu wakiitana kutoka dungu hadi dungu. Hakuna aliyeshuka kutupokea. Walitupungia mikono, wakaendelea kutazama juu. Mwenyekiti wa kijiji alimkaribisha mbunge akiwa amesimama dunguni kwake, akamwambia, "Karibu sana Mheshimiwa, samahani, sitaweza kukutazama usoni." Na mkutano wa hadhara ukafanyika hivyo hivyo. Mheshimiwa alikwenda dungu moja hadi jingine, akiuliza kutoka chini, akijibiwa kutoka juu, na katikati ya majibu mtu anarusha donge la udongo kwa kombeo na kutukana ndege. Kila alikopita aliuliza swali moja, kama wanaitaka zahanati, na kila alikopita waliuliza, "Zahanati ipi? Ya nesi Balbina? Alikuwa hapa juzi."

Nesi Balbina tulimkuta kwenye dungu la mama mmoja aitwaye Theresia. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini hivi, gauni lake jeupe amelipandisha na kulifunga kiunoni, na kando yake kulikuwa na ndoo ya plastiki yenye mfuniko, imejaa dawa. Aliisoma barua yenye mhuri niliyomletea, akaikunja.

"Hakuna wagonjwa?" akasema. "Mheshimiwa, shikamoo, samahani. Hakuna wagonjwa?"

Akafungua ndoo, akatoa madaftari manne ya shule yaliyofungwa kwa nailoni. Ndani, kwa mistari iliyonyooka, yalikuwamo majina, umri, homa, dawa, tarehe. Kwa Aprili peke yake nilihesabu watu mia tatu na kumi na tisa.

"Mbona haya hayamo kwenye rejesta?" nikamwuliza, kwa sauti yangu ya mahakamani.

"Rejesta hairuhusiwi kutoka nje ya jengo, mzee. Ndivyo nilivyofundishwa. Na ndani ya rejesta naandika aliyefika zahanati. Hawa hawakufika, mimi ndiye niliyefika kwao. Ningewaandika kule ningekuwa nimesema uongo."

Nilimtazama, nikaona mtu wa aina yangu kabisa. Uaminifu wake kwenye karatasi ulikuwa unamfukuzisha kazi.

Mheshimiwa aliyapokea madaftari kwa mikono miwili, lakini uso haukutulia. "Haya watayakataa," akasema. "Hayana mhuri. Watasema yaliandikwa jana usiku. Nahitaji mtu wa kusimama mbele yao."

Theresia alikuwa amekaa ukingoni muda wote akitazama angani, mtoto mgongoni, kamba ya debe mkononi. Mume wake alikuwa kambi ya uvuvi, asingerudi kabla ya wiki ijayo. Akamgeuza mtoto mbele tumwone. Aliitwa Egidius, ana miezi kumi, mashavu yamejaa, na alimtazama mbunge kwa dharau.

"Huyu Aprili alishikwa na degedege," akasema. "Maji yalikuwa hapa." Akaonyesha kifuani. "Mume wangu hayupo, mtumbwi haupo. Nilikuwa nimeshamfunika kanga uso, Mheshimiwa, naona aibu kusema, lakini nilishamfunika. Nikasikia huyu nesi anapiga hodi kutoka dungu la jirani. Kama angekuwa amekaa kule kwenye jengo akinisubiri, mwanangu ningekuwa nimemzika."

Niliangalia pembeni, macho yananiwasha.

"Utakuja Ijumaa kuwaambia hayo?" Mheshimiwa akauliza.

"Nakuja." Halafu akatazama mpunga wake, eka mbili na nusu, umeinamisha vichwa. "Lakini nani atawinga ndege wangu?"

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Kila mwenye mikono alikuwa kwenye shamba lake. Hakukuwa na kibarua wa kumwajiri hata kwa dawa. Nesi alikuwa na mashamba mengine mawili ya kuzunguka, na wagonjwa walikuwa wanamngoja. Theresia akiondoka siku tatu, familia yake ingekula nini mpaka mwakani? Akibaki, watu mia tatu na kumi na tisa wangebaki bila nesi.

"Nitawinga mimi," akasema Mheshimiwa, akaanza kukunja mikono.

Theresia akacheka, mara ya kwanza siku ile. "Wewe mama ndiye wa kusema kule. Ukibaki hapa nitasimama mbele yao na nani?"

Nikagundua wote wawili hawanitazami, na walikuwa wanafanya hivyo kwa makusudi.

"Mimi nimezaliwa dunguni," nikasema. Sauti haikuwa yangu.

"Wewe mzee?" akasema Theresia. "Na viatu hivyo?"

"Mama yangu alilima huku. Ni Mndamba."

Akanipima kuanzia juu hadi chini, akanikabidhi kombeo. "Mkataa kwao ni mtumwa, baba. Upande wa kusini ndiko wanakoanzia. Usilale mchana."

Wakaondoka na mtumbwi, Theresia na Egidius wake na Mheshimiwa na madaftari manne, nami nikabaki na suruali ya kitambaa na donge la udongo mkononi. Ratiba yangu ya Alhamisi, ziara ya kukagua madaraja saa tatu hadi saa saba, niliitumia kuwashia moto wa chai.

Sitajisifu. Alhamisi asubuhi kombeo lilinigonga kisogoni mara mbili, na donge la tatu likaanguka kwenye chai. Kwelea walikuja wengi, wakageuka hewani wote kwa pamoja, wakatua upande wa kusini, sawa na alivyosema Theresia. Nilipiga debe. Nilipiga kelele. Sauti ikaniishia kabla ya saa sita, na jirani wa dungu la pili akanirushia ndimu na ushauri: "Mzee, unapigia kelele mdomoni! Itoe tumboni!" Hayo hayo mama yangu aliniambia mwaka wa arobaini na mbili. Nikaitoa tumboni. Wakaruka.

Kufikia Ijumaa viganja vilikuwa vimechubuka na mabega hayainuki, lakini mkono ulikuwa umekumbuka. Saa nne, wakati nilijua kikao kimeanza, kundi kubwa kuliko yote lilitokea mtoni. Niliwaza, huko mjini wanamwuliza nini sasa? Atababaika? Nikarusha, nikarusha tena, na nilikuwa nalia na kutukana kwa Kindamba, lugha ambayo watoto wangu hawajawahi kunisikia nikiitumia. Niliogopa. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wangu niliogopa kwamba kazi yangu ikiharibika kuna mtu atashinda njaa, na huyo mtu namjua jina.

Walirudi Jumamosi mchana. Niliuona mtumbwi mbali, lakini sikuthubutu kuteremka. Theresia hakunisalimia. Alipanda ngazi, akasimama, akatazama shamba lake kona hadi kona. Nikasubiri hukumu kama mshitakiwa.

"Wamekula kusini," akasema.

"Kidogo," nikasema, au nilijaribu, maana sauti haikutoka.

Akatazama tena. "Kidogo," akakubali. "Shikamoo, baba. Ahsante."

Ndipo akasimulia. Mkubwa mmoja alimwuliza mbele ya watu wote: wewe mama, kwa nini hukumpeleka mtoto zahanati? "Nikamwuliza, baba, unakula wali? Akasema ndiyo. Nikamwambia, basi huo wali ndio ulionizuia." Ukumbi ulicheka, halafu ukanyamaza, kwa sababu Mheshimiwa alikuwa ameanza kusoma majina ya Aprili, moja baada ya jingine, pamoja na umri. Alisoma robo saa. Walipomwambia madaftari si rejesta, akauliza ni waraka gani unaokataza rejesta kutoka nje ya jengo. Wakatafuta. Wakamwita karani, naye akatafuta. Waraka haukuonekana. Ilikuwa ni mazoea tu, kila mmoja alimkuta mwenzake akifanya hivyo.

Zahanati haifungwi. Nesi habadilishwi kituo. Mtumbwi wa zahanati, ambao Mheshimiwa aliuomba hapo hapo kikaoni, walisema tungoje bajeti, naye akasema sawa, bajeti yenyewe ndiyo anayokwenda kuijadili, atawaletea jibu kwa mkono wake. Mwezi Juni angerudi kukagua, na safari hii, akasema akinitazama, ratiba itaandikwa na ndege.

Theresia akatoa kwenye kikapu kitu kilichofungwa kwa nailoni mbili. Ilikuwa rejesta ya Lumbanga, waliyoichukua zahanati kwa ufunguo wa nesi, kubwa, jalada gumu la kijani, na kwa mara ya kwanza ilikuwa imevuka maji. Nesi Balbina, aliyekuwa amekuja kuwapokea, aliishika muda mrefu bila kuifungua. Kisha akafuta mikono kwenye gauni, akakaa kwenye ngazi ya dungu, akafungua ukurasa mpya.

"Jina?" akaniuliza.

"Unanijua."

"Mzee, jina."

"Wendelin."

"Umri?"

"Hamsini na tisa."

"Tatizo?"

Nikamwonyesha viganja. Akavitazama, akaandika mstari mzima, akachukua dawa ya kupaka kwenye ndoo. Halafu kalamu ikasimama kwenye safu ya mwisho.

"Makazi?"

Miaka thelathini nilikuwa naandika Lipangalala kwenye kila fomu niliyoijaza, na kalamu ilikwenda yenyewe. Kwelea walikuwa wanarudi upande wa kusini. Theresia alikuwa ameshachukua kombeo, lakini nami nilikuwa nimeshasimama, nimeshika kamba ya debe.

"Andika hapa," nikamwambia. "Shambani."